Gaudensi Lusambo na Taa ya Jikoni kwa Mama Mkwe

Ndugu Gaudensi Lusambo, Fundi Mkuu wa Ushirika wa Mafundi Umeme Misunkumilo, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya kututumikia kwa miaka ishirini na tisa na miezi saba. Aliingia kazini Aprili Mosi 1996, na kwa kuwa siku hiyo watu hudanganyana, mkewe Emelyne hakuamini kwamba mume kapata kazi mpaka alipomwona anarudi na ngazi begani.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Dina, niliyefanya naye kazi kikundi kimoja kwa miaka kumi na tisa. Uongozi uliniomba vyeo, tarehe na shukrani. Vyeo nitaviandika, wala havichukui nafasi kubwa. Lakini iko taa moja kule Litapunga ambayo Gaudensi aliipanga mwenyewe na mpaka leo hajawahi kusimama chini yake. Taa hiyo ndiyo iliyoamua kama mama mmoja ataendelea kuishi kwake au atahamishwa kama kabati. Nisipoieleza, nitakuwa nimewaandikia wasifu wa mtu mwingine.

Vyeo basi. Alianza kama msaidizi wa fundi, enzi zile Mpanda tunawashiwa kwa majenereta na fundi mwenye bahati anapata nyumba mbili kwa mwezi. Mwaka 2001 akawa fundi kamili, 2008 akawa mkuu wa kikundi cha nyumba za kuishi, na 2015 akawa Fundi Mkuu. Amefunga umeme kwenye makanisa, mashine za kusaga, zahanati, na saluni ambazo sitaitaja idadi yake kwa sababu wenyewe hubishana nani alikuwa wa kwanza kuwa na kioo chenye taa. Hakuwahi kupigwa shoti ya kulazwa. Alianguka ngazi mara moja tu, tena alikuwa amesimama kipago cha kwanza akijibu simu.

Sifa yake lakini ni majiko. Watu hutoka Kasansa, safari yote ile, kumwambia Gaudensi awapangie taa za jikoni, wakati taa za sebuleni wanamwachia fundi yeyote.

Hilo lilianzia kwenye kosa, na kosa lilikuwa lake. Mwaka 2003 alimfungia umeme Bartolomeo, mkulima wa Kasansa aliyekuwa amejenga nyumba nzuri na kuweka jenereta lake. Kwenye ramani palikuwa na chumba kilichoandikwa jiko. Gaudensi akakiwekea taa mbili, moja juu ya kaunta, kazi safi mpaka akaipiga picha. Mwezi uliofuata alipita kusalimia saa moja jioni. Ndani ya lile jiko zilikuwa zinawaka taa mbili, zinamulika sahani za wageni na baiskeli. Mke wa Bartolomeo, mama Lucia, alikuwa nje kwenye kibanda cha kuni, tochi kaibana kati ya bega na shavu, anasonga ugali wa watu tisa. Gaudensi anasema aliona aibu mpaka akashindwa kula. Kesho yake alirudi na waya, na tangu hapo akifika kwenye nyumba hafungui ramani. Anauliza kwanza moto unawaka wapi, na anayeulizwa si baba mwenye nyumba.

Hapo ndipo kulipozaliwa kupika kavu, zoezi ambalo wafanyakazi wapya hulicheka wiki ya kwanza na kulitetea wiki ya pili. Fundi anaziba madirisha kwa magunia ili chumba kiwe giza mchana. Anayepika anaombwa apike bila moto wala chakula: achote maji, akate kitunguu, akae kwenye kigoda, akoroge, aepue, aoshe. Kila mahali mikono inapotua, fundi anachora alama kwa chaki. Kisha anashika tochi pale anapofikiria kuweka taa, na anaangalia kivuli. Kivuli kikiangukia alama ya chaki, taa hiyo haifai, hata iwe nzuri namna gani.

Kwa njia hiyo alitufundisha yale ambayo sasa tunayaona ya kawaida. Taa moja katikati ya dari ni taa ya kutafutia paka, maana mpishi anaelekea ukutani na mgongo wake unaizuia. Taa ya mikono ipangwe kwanza, ya kutembelea ifuate, na ya urembo ije mwisho, kama bado ipo nguvu. Anayepika amekaa kwenye kigoda asipangiwe taa ya mtu aliyesimama. Kwenye jiko la kuni taa iwekwe ukutani, mbali na njia ya moshi, iwe na kifuniko cha kufutika, la sivyo baada ya wiki tatu inakuwa na rangi ya sufuria. Swichi iwe mlangoni, kimo cha kiwiko, kwa sababu mikono ina unga. Na kabla ya kuongeza balbu, pakeni chokaa ukuta wa nyuma ya jiko. Nimeona majiko mawili yaliyopona kwa ndoo ya chokaa peke yake.

Wenye nyumba walimsumbua, jamani. Ndugu Richard wa hapa hapa Misunkumilo alitaka dari la jipsamu na taa nane za rangi jikoni, kama ukumbi wa harusi. Gaudensi hakubishana naye. Kwa kuwa mama wa nyumba alikuwa safarini, alimwomba Richard mwenyewe apike kavu. Mwenye nyumba alizunguka jiko lake robo saa nzima akitafuta chumvi ilipo. Ukumbi wa harusi ukaishia hapo, na leo jiko lile lina taa tatu, zote nyeupe.

Sasa nije Litapunga.

Gaudensi ni Mkonongo, na Emelyne anatoka kwenye familia yenye asili ya Burundi. Kwa mambo mengi wamelelewa tofauti, lakini kwa hili nyumba zote mbili zilifundisha kitu kimoja: mwanaume haingii jikoni kwa mama mkwe wake. Hachungulii, hasimami hata mlangoni. Wakikutana njiani, wanasalimiana kwa mbali, kila mmoja anaangalia chini, maisha yanaendelea. Gaudensi alilishika hilo tangu alipooa. Huyu ndiye mtu aliyeingia majiko ya nusu ya mkoa.

Mama mkwe huyo ni Bibi Thacienne, mjane, ambaye mwaka 2017 alikuwa na miaka sabini na miwili na anaishi peke yake kwenye nyumba yake. Umeme ulipofika upande ule, mwanawe Salvatori, kaka yake Emelyne, seremala wa hapa mjini, alimlipia fundi mwingine amfungie mama yake. Salvatori anampenda mama yake, hilo halina ubishi. Alichagua balbu kubwa kuliko zote dukani na ikafungwa juu, katikati ya kenchi za paa. Miezi miwili baadaye Bibi Thacienne alijimwagia uji wa moto mkononi, taa ikiwa inawaka.

Familia ikakaa kikao. Hoja ya Salvatori ilikuwa nyepesi kueleweka: kama mama anaungua mwanga ukiwepo, basi macho yamekwisha, na mtu asiyeona hawezi kuachwa na moto. Ikaamuliwa kwamba mahindi yakishaingia ghalani, mama anahamia mjini kwa Salvatori. Bibi Thacienne alikataa. Alisema kwa mwanawe angekwenda kutembea wiki moja, mbili akipenda, lakini kuishi kule ni kuishi akiomba chumvi, na yeye hajaomba chumvi tangu aolewe. Walimsikiliza kwa heshima zote, na uamuzi ukabaki palepale. Gaudensi, kwa kuwa ni mkwe, alikuwa amekaa nje kwenye benchi. Hakuulizwa neno.

Jumatatu akaniita karakanani. Alikuwa na hasira, jambo ambalo nimeliona mara mbili tu. Alisema anavyojua yeye, macho yanaweza kuwa na shida na taa ikawa na shida zaidi, na hakuna aliyeiangalia taa. Tulikuwa na wiki saba kabla ya mahindi. Yeye kuingia haiwezekani, kwa hiyo naingia mimi.

Nyie mliokuwa mnanicheka kwamba nilienda Litapunga kupika, nendeni mkajaribu. Mimi nilikuwa ndani na Bibi Thacienne, magunia dirishani, chaki mkononi. Gaudensi alikuwa nje, nyuma ya ukuta, kakaa juu ya tofali. Ukuta wenyewe wa matofali mabichi, kila neno linapita. Yeye ananiambia mimi nimuulize mama kigoda chake kina kimo gani. Mama ameshasikia, lakini anasubiri nimuulize, kisha ananijibu mimi, kwa sauti ya kufika nje. Kisha namjibu Gaudensi, ambaye ameshaandika. Nilikuwa simu ya mdomo kwa saa mbili, katikati ya watu wanaosikizana vizuri kabisa.

Jambo la kwanza lilionekana mapema. Mafiga yako ukutani, mama anakaa akiyaelekea, na ile balbu kubwa iko nyuma ya kichwa chake. Chungu chote kilikuwa kivulini. Akigeuka kuchukua unga, balbu inampiga machoni, na akirudi kwenye chungu haoni kitu. Gaudensi akacheka kule nje, cheko la mtu aliyepata anachokitafuta. Kutokana na alama zangu akachora mpango: balbu ya katikati itoke, taa ndogo yenye kifuniko iwekwe ukutani upande wa kushoto wa mpishi, chini kidogo, isimulike macho. Anayekoroga kwa mkono wa kulia hupewa mwanga kutoka kushoto. Ukuta tukaupaka chokaa. Tulimaliza siku mbili.

Wiki ya pili Emelyne alikwenda kumwona mama yake na akarudi na habari mbaya. Mama bado anapika mlango ukiwa wazi ili apate mwanga wa nje, na juzi chungu kilitaka kumponyoka tena. Anaishukuru sana taa. Ila haimsaidii.

Gaudensi aliukagua ule mchoro mpaka karatasi ikachanika kwenye mkunjo. Aliniuliza maswali yale yale: kigoda, kimo, chungu, mwiko mkono gani. Kulia, nilimwambia, nimeona kwa macho yangu. Zilibaki wiki nne, na nilishaanza kuamini kwamba Salvatori alikuwa sahihi. Nakiri hilo leo hadharani.

Kisha, wakiwa mezani nyumbani, Gaudensi akamuuliza mkewe swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: mama aliungua mkono upi. Emelyne akasema wa kulia. Gaudensi akaweka kijiko chini. Mkono unaoungua jikoni mara nyingi ni ule unaoshika chungu, siyo unaokoroga. Akamwangalia mkewe, na mkewe akaangalia sahani.

Bibi Thacienne anatumia kushoto. Alizaliwa hivyo. Utotoni alichapwa kwa ajili ya mkono huo mpaka akajifunza kuuficha, kwa maana kumpa mtu chakula kwa kushoto ni kumdharau, na msichana wa kushoto aliambiwa hataolewa. Mbele za watu hutumia kulia, kwa adabu, na amezoea kiasi kwamba humwoni akijilazimisha. Akiwa peke yake na chungu chake, anakoroga kwa kushoto. Siku ile ya kupika kavu mimi nilikuwa mgeni. Alinipikia kwa mkono wa wageni, na sisi tukampangia taa ya huo mkono. Mkono wake wa kweli tukauwekea kivuli.

Emelyne alikuwa analijua hilo maisha yake yote. Hakusema, kwa kuwa ni siri ya mama yake, na mume ni mkwe wa watu.

Kuhamisha taa kutoka ukuta wa kushoto kwenda wa kulia ni kazi ya saa tatu. Shida ilikuwa namna ya kuihamisha bila kumwambia mama kwamba tumejua. Gaudensi aliwaza siku nzima, kisha akanituma nikaseme kwamba ukuta wa kushoto una unyevu, hatari kwa waya, hivyo lazima taa iende upande wa pili. Nikaenda, nikasema. Bibi Thacienne aliugusa ukuta, akaniangalia, akasema sawa mwanangu, unyevu ni mbaya. Nikahamisha. Nilipoondoka alinipa maharage ya kutosha mwezi, akasema nimgawie na aliyeko nje.

Mahindi yaliingia ghalani. Salvatori akaja na gari dogo la mizigo kumchukua mama. Alimkuta anapika, mlango umerudishiwa, taa inawaka. Yeye ni mwana, anaruhusiwa, akaingia na kukaa. Alimwona anasonga, anaepua, anamimina maji yanayochemka kwenye chupa ya chai, na hakuna tone lililomwagika. Walikula. Gari lilirudi mjini na magunia mawili ya mahindi na mkungu wa ndizi, na hoja ya kuhama haikuletwa tena. Macho hayakusahauliwa. Yalipelekwa kwa daktari mwaka uliofuata, jicho moja likatibiwa. Mikono haijaungua tena kwa miaka minane.

Gaudensi hakujisifu. Alikuja ofisini akabadilisha utaratibu, akisema kwa miaka mingi amekuwa akiwaangalia watu wakipikia wageni. Tangu siku hiyo, kabla fundi hajaingia, mwenye jiko anapaka mikono unga na kupika kavu peke yake, mlango umefungwa. Sisi tunaingia baadaye kusoma alama za unga kwenye mpini wa mwiko, kwenye ukuta na kwenye kifuniko cha chungu. Mwaka wa kwanza tu tuliwapata watatu wa kushoto, mmoja wao mwalimu wa shule. Huo ndio mchango wake mkubwa kwa Ushirika, na tutaendelea nao. Fundi Hezron, anayemrithi, ameshaahidi mbele ya wote.

Mtauliza vipi naitangaza siri ya mzee wa watu kwenye karatasi ya sherehe. Nilikwenda Litapunga wiki iliyopita kumwomba ruhusa. Bibi Thacienne ana miaka themanini sasa. Alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema waliokuwa wanamchapa wote wameshakufa, na aliyemwoa alimwoa na mikono yake miwili, hivyo niandike. Kisha akaniambia jambo ambalo Gaudensi atalisoma hapa kwa mara ya kwanza: ukuta ule haukuwa na unyevu, yeye mwenyewe ndiye aliyeupiga lipu, na siku ileile alijua kwamba mkwe wake amejua. Alinyamaza kwa sababu naye alinyamaziwa. Miaka minane, wawili hao, heshima juu ya heshima. Mimi nilikuwa katikati na sikujua kitu.

Mzee Gaudensi, Ushirika unakushukuru. Umetuachia majiko yanayoonekana na mafundi wanaouliza kabla ya kutoboa ukuta. Mimi binafsi nakushukuru kwa kuniamini na chaki. Shukrani pia kwa Emelyne, aliyekuazima kwetu kwa karibu miaka thelathini, na kwa shamba lako la Misunkumilo lililokusubiri mpaka likaota vichaka. Nenda ukalipalilie. Uwe na afya, ulale umeshiba, na popote utakapokaa, mwanga uwe mbele yako na kivuli nyuma.

Jambo la mwisho linahusu ratiba. Maharage na ugali wa saa saba vimepikwa tangu asubuhi na Bibi Thacienne, jikoni kwake, chini ya taa ile, na vimeletwa na Salvatori kwa lile lile gari la mizigo. Bibi mwenyewe yupo, amekaa upande wa akina mama, na mkwe wake yuko upande wa pili, kama desturi yao ilivyo. Sahani ya kwanza ataipakua yeye kwa ajili ya Gaudensi, na amesema ataipakua kwa mkono wa kushoto, mbele ya watu wote. Naomba mtu asigune wala asimkonyeze jirani yake. Mimi nitaibeba sahani hiyo mpaka upande wa pili, kama siku zote, na Gaudensi ataipokea kwa mikono miwili.